Mbona Pikipiki ya Mutua Bado Inakohoa

Tangu nirudi mmeniuliza swali moja, kila mtu kwa namna yake. Wengine mnauliza kwa upole, wengine mnaanza kucheka mkiniona kwa mbali. Siku tatu nimesukuma pikipiki kuzunguka nusu ya Eastlands nikitafuta mtu wa kuirekebisha, nimerudi soli za viatu zimeisha, na bado kila Jumamosi mnaisikia ikiingia mtaani Mbotela inakohoa kama mgonjwa wa kifua. "Mutua, kwani ulienda kufanya nini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, na mkimaliza msinicheke tena mbele ya nyumba ya Baba Nekesa.

Mbotela, mlangoni

Baba Nekesa mnamjua kwa macho. Ni yule fundi mstaafu wa reli anayekaa mlangoni kwa stuli, na ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka ikawa rangi ya mawingu. Miaka miwili mimi na yeye tumeijenga ile injini. Ilikuwa pikipiki ya kawaida ya injekta, zile zisizo na kabureta. Kompyuta ndogo chini ya kiti ndiyo huamua petroli kiasi gani inyunyizwe. Sisi tukaitanua silinda, tukaweka pistoni kubwa, na bomba la moshi akalikunja mwenyewe kwa mikono yake. Kwa kuwa baba yangu ni mchonga vinyago, alinitania kila siku: nyinyi Wakamba mmezoea mbao, sasa utajifunza kuchonga chuma.

Shida ni kwamba ile kompyuta haikuambiwa. Injini ilikua, yenyewe ikaendelea kuipimia petroli ya zamani, kama mtu mzima anayepewa uji wa mtoto. "Ina njaa," alisema Baba Nekesa siku ya kwanza tulipoiwasha. Kwake yeye injini ina njaa au imeshiba, hana neno la tatu. Na alijua kwa kusikiliza tu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye silinda, mpini sikioni, akafumba macho, halafu akaniambia niandike. Nina daftari zima la maneno yake, kila nilivyofungua mkono wa petroli: mkono robo, njaa kidogo, mkono nusu, njaa sana, mkono wote, inakufa. Injini ya hivyo hupata joto haraka, na ukiilazimisha pistoni inakwama. Kwa hiyo isingeendeshwa popote mpaka apatikane mtu wa kuifundisha ile kompyuta upya.

Na hatukuwa na muda. Sikio la kushoto la Baba Nekesa lilikwisha mwaka jana. La kulia, hospitalini walimwambia mkewe, linakwenda na halitangoja mtu. Ni kelele za vichwa vya treni alizozila maisha yake yote ya kazi. Sikumsikia akilalamika hata siku moja. Jioni moja tu, akifuta bisibisi kwa kitambaa, alisema: "Mutua, nataka niisikie mara moja ikiwa imeshiba. Mara moja tu. Halafu masikio yaende zao."

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi nilianza kusukuma. Yeye hakuweza kuja kwa sababu ya magoti. Alilipiga tanki makofi mawili kama mtu anayemuaga ng'ombe aliyeuzwa, akaingia ndani.

Majengo, siku ya kabureta iliyoibwa

Watu husema Majengo ni karibu. Ni karibu ukiwa mikono mitupu. Ukisukuma chuma kandokando ya Jogoo Road, manyunyu yanakupiga usoni na kila mwendesha boda anapunguza mwendo kukuuliza kama umeishiwa mafuta, unagundua barabara ile inapanda mahali ambapo hujawahi kuona mlima. Nilikuwa nimeambiwa kuna Fundi Salimu, hakuna nduthi iliyowahi kumshinda.

Nilimpenda kabla hajafungua mdomo. Alinipa maji ya kunawa, akaniagizia viazi karai na chai ya tangawizi kwa mama wa jirani, akaniambia msafiri hasimulii shida kabla ya kula. Nilipoanza kueleza habari za kompyuta, akaniinulia kiganja. Pikipiki ni pikipiki, mwanangu. Akachuchumaa, akachungulia upande wa kushoto, akahamia upande wa kulia. Akatoa kiti. Akavua kofia yake, akaishika mkononi, akaniangalia kwa huruma ambayo sitaisahau.

"Pole sana," akasema. "Wamekuibia kabureta."

Nikasema haikuwahi kuwa na kabureta. Akanishika bega. Kumbe alidhani ni mshtuko unaniongelesha. Akamwambia mama wa viazi, mama wa viazi akawaambia wauza mitumba, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonipa pole na kunitajia wezi wa mtaa wao. Mzee mmoja akaniambia yeye aliibiwa gurudumu akiwa amelikalia. Mama wa viazi aliniongezea sahani ya pili, akakataa nilipe, akasema aliyeibiwa halipi. Nilikula kwa aibu. Viazi vilikuwa vitamu, na kila kimoja nilikuwa nimekipata kwa uongo ambao sikuusema.

Nilipoinua kichwa Salimu hakuwepo. Alikuwa amefungua injekta, akaifunga kwenye gazeti, akaenda nayo soko la Gikomba kutafuta kabureta ya kulingana na tundu lile. Nilikaa pale kuanzia saa nne mpaka adhana ya alasiri. Sijui kama mmewahi kungoja kitu kidogo kama kidole, ambacho kazi ya miaka miwili imekaa ndani yake, kikiwa kwenye mfuko wa mtu mwema aliyepotea Gikomba. Nilisali. Nilisogeza stuli kila mvua ilipobadilisha upande. Akilini nilimwona Baba Nekesa akingoja mlangoni, na kila saa iliyopita niliihesabu kuwa imetoka sikioni mwake.

Salimu alirudi amelowa, gazeti limemgandama kifuani. Hakupata. Aliirudisha injekta vizuri, hilo namsifu, lakini mkono wake haukutulia, akaona skrubu ndogo iliyopakwa rangi akaizungusha, maana mikononi mwake skrubu yoyote ni ya kuzungushwa. Nilipoiwasha ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, halafu ikazima. Tangu hapo haikuwaka tena mpaka Kariobangi.

Mathare, kwa mtu wa tuning

Niliiacha kwake usiku huo, nikaifuata asubuhi. Ijumaa. Kijana wa mitumba alikuwa ameniambia kwamba Mathare kuna jamaa anaitwa Ouma, huyo anafanya tuning, kurekebisha mambo kwa laptop, hakosei. Nikasikia neno laptop, sikuuliza zaidi. Nilisukuma kupita Eastleigh, katikati ya mikokoteni na akina mama wa nguo, nikiimba kabisa. Ndivyo nilivyo, mnanijua. Nikipewa neno moja zuri natembea nalo mbali.

Kuteremka bondeni Mathare na pikipiki isiyowaka ni rahisi, ila kila hatua unajua kwamba utaipanda. Njia ilikuwa tope. Vibarua wawili waliokuwa wanatoka kutafuta kazi bila kuipata walishika nyuma wakanisaidia kuizuia isinikimbie. Hawakuniuliza kitu. Mmoja alisema tu, angalau leo tumefanya kazi.

Ouma nilimkuta katika kanisa la mabati, kweli ana laptop, kweli amevaa vile vyombo vya masikioni. Ni kijana mrefu, mpole, anaongea polepole. Nikamwambia nimeletewa sifa zake, nina kitu kikubwa nataka akifanyie tuning. Akafurahi. Akaniambia niingize ndani. Tukaibeba pikipiki mimi na yeye na waimbaji wawili wa besi mpaka mbele ya madhabahu. Akaizunguka. Akaniuliza, kwa adabu, spika ziko wapi.

Jamani, Ouma ni mtu wa sauti. Anarekebisha vinanda na maikrofoni za kwaya.

Nilikaa chini kwenye benchi. Sikulia, lakini nilifika mlangoni mwa kilio. Kwaya ilikuwa inaanza mazoezi, hawakuwa na roho ya kunitoa, basi wakaimba mimi na pikipiki tukiwa mbele yao kama maharusi. Walipopumzika, mama yake Ouma alituletea githeri, na nikamsimulia Ouma habari za Baba Nekesa. Yeye anayajua masikio kwa sababu ya kazi. Aliniambia kitu ambacho sikukielewa siku ile. Alisema mzee akianza kupoteza masikio, sauti nyembamba na laini ndizo zinatangulia. Ndege, kijiko kwenye kikombe, mtu anayekuita kwa upole. Makelele mazito ndiyo ya mwisho kuondoka.

"Ni kama wageni," akasema. "Wenye adabu wanaaga mapema."

Ni yeye pia aliyenipa mtu wa kweli. Binamu ya mmoja wa waimbaji, jina lake Mwende, ana karakana Kariobangi, anafundisha kompyuta za pikipiki za mashindano. Tukampigia. Laini ilikuwa mbovu. Aliniambia nifike Jumamosi asubuhi, na mwisho akasisitiza: "Usisahau ramani. Bila ramani tutaanza sifuri na utalala hapa."

Halafu nikampigia Mama Nekesa, kwa kuwa mumewe simu hazisikii tena. Nikamuuliza mzee anaendeleaje.

"Asubuhi nimemwita mara tatu, nimesimama nyuma yake hapa hapa," akasema. "Harakisha, mwanangu."

Kariobangi, habari ya ramani

Nililala kwa akina Ouma, kwenye godoro chini ya kinanda. Kabla ya jua kutoka nikatafuta karatasi, mama yake akanisaidia, tukachora ramani nzuri ajabu: Juja Road yote, mzunguko wa Kariobangi, kanisa, mti uliokatwa, duka la mabati la rangi ya kijani. Niliikunja mara nne nikaiweka mfukoni mwa shati. Kupanda kutoka bondeni kulinichukua muda mrefu kuliko barabara yote iliyobaki. Nilinunua mahindi ya kuchoma nikala nikisukuma kwa tumbo.

Mwende ni mwanamke mfupi mwenye nywele fupi na glovu zilizotoboka kila kidole. Alinisalimia, niaje, akaiangalia injini, akaona bomba la moshi, akapiga mluzi. Akauliza nani alilikunja. Nikamwambia. Kisha akanyoosha mkono: ramani.

Nikampa. Aliifungua, akaitazama, akaigeuza, akasoma kwa sauti "mti uliokatwa," halafu akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akashika mbavu. Wenzake wakaja. Ikapita mkono kwa mkono. Jamaa mmoja akaniambia, msee, wewe ndiye umekuja na injini inayojua njia ya kwa kina Mwende.

Kumbe ramani ni ile hesabu iliyo ndani ya kompyuta, kwamba mkono ukifunguliwa kiasi hiki na injini ikizunguka kiasi hiki, petroli iwe kiasi hiki. Alinieleza akifuta machozi. Bila hiyo atalazimika kupapasa kila mahali, siku nzima na kesho yake. Kesho yake sikuwa nayo. Nikamwambia hivyo, nikatoa daftari la Baba Nekesa nimwonyeshe tu kwamba hatukuwa tunacheza.

Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili akaketi. Mkono robo, njaa kidogo. Kati ya robo na nusu, njaa, inakohoa mara mbili kisha inatulia. Nusu, njaa sana. Akachomeka kifaa chake ndani ya bomba la moshi, kile kinachonusa moshi na kusema kama petroli imezidi au imepungua, akairudisha ile skrubu ya Salimu mahali pake, akaiwasha. Akafungua mkono robo, akaangalia laptop, akaangalia daftari. Akafungua nusu. Akaangalia tena.

"Huyu mzee alitumia mashine gani?"

"Bisibisi."

Hakucheka. Aliniambia hii ndiyo ramani niliyokuuliza, ungeitoa mfukoni mwanzo. Akafanya kazi akifuata maneno ya Baba Nekesa mstari kwa mstari, palipoandikwa njaa akaongeza, palipoandikwa njaa sana akaongeza zaidi, na saa nane haijafika akaniambia nipande.

Nataka niseme ukweli kuhusu kazi ya Mwende, kwa sababu mmeisema vibaya bila kumjua. Ile injini ilitulia. Kikohozi kiliisha, mtetemo ukaisha. Ilipumua kama mtoto aliyenyonya akalala. Nilipofungua mkono haikunguruma; ilinibeba. Watu wa karakana walinyamaza kuisikiliza, na ilibidi wanyamaze kweli ndipo waisikie.

Ukimya huo haukunishtua. Nilikuwa na furaha mno.

Kurudi

Nilishuka na Outering, nikaingia Jogoo Road, siku tatu za kusukuma zikaisha kwa muda wa kumaliza soda. Jua lilikuwa limetoka. Nilipanga maneno ya kusema, nikayaacha, kwa sababu maneno hayakuhitajika. Injini ingesema yenyewe.

Baba Nekesa alikuwa mlangoni na bisibisi mapajani. Mama Nekesa alitoka na leso begani. Nikaisimamisha mbele yake, nikaiacha ikiwaka. Akaniona, akatabasamu na meno yake yote machache, akainama. Ncha kwenye silinda. Mpini sikioni. Akafumba macho.

Tulingoja. Mimi niliisikia. Mama Nekesa aliisikia, aliniambia baadaye, kama cherehani ya jirani. Yeye alifumba macho, uso umetulia, anangoja kama mtu aliyefika stesheni mapema.

Halafu akafumbua macho.

"Washa basi," akasema.

Ilikuwa inawaka.

Mama Nekesa aliziba mdomo kwa leso. Mimi nilishindwa kumwangalia. Ndipo neno la Ouma likanirudia, wenye adabu wanaaga mapema. Tulikuwa tumeichukua sauti mbovu ambayo mzee angeisikia, tukamtengenezea sauti nzuri ambayo hawezi. Kama ningeiacha na njaa yake siku ile ya Alhamisi, angalau njaa angeisikia.

Sikufikiri. Kando ya mahali injini inapovutia hewa kuna mpira mdogo, mwembamba kama mrija wa soda. Nikauchomoa. Hewa ikaingia isikotakiwa, na injini ikaanza kukohoa, kutikisika, kupiga risasi kwenye bomba kama zamani.

Uso wa Baba Nekesa ukawaka. "Eeeh. Imeamka." Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Mutua, siku tatu umezunguka, na bado ina njaa?"

Nikajibu kwa kichwa, ndiyo. Nilijiambia ni uongo mdogo na wa huruma, na nitaubeba mwenyewe. Lakini nilisahau nasema uongo mbele ya fundi. Alinionyesha kwa kidole nizime, akasema neno ambalo miaka miwili amelisema kila tulipozima: leta plagi.

Plagi haidanganyi. Injini yenye njaa, ncha ya plagi yake huwa nyeupe kama chokaa. Niliifungua taratibu, nikiomba ichelewe kufunguka. Akaipokea kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa ya kahawia, kama chai iliyokolea maziwa. Rangi ya injini iliyoshiba njia nzima kutoka Kariobangi.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi, akautazama ule mpira ulioning'inia.

"Nilipokwambia uwashe," akasema, "ilikuwa inawaka."

Nilipiga magoti pale kwenye saruji. Hakunikemea. Aliipitisha plagi kwa mkewe naye aione, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu, na akasema kazi ni safi, huyo aliyeifanya ana mkono. Nikamwambia kwa sauti kubwa karibu na sikio kwamba alifuata daftari lako, Baba. Sijui kama alisikia. Alikuwa amekwisha kuichukua bisibisi.

"Rudisha plagi. Halafu washa," akasema. "Na huo mpira uache nje. Nisikie inavyokohoa."

Hiyo ndiyo sababu. Pikipiki yangu ni nzima. Siku nyingine zote inapita hapa na hamjui hata kama imepita. Jumamosi, nikifika kona ya kabla ya nyumba zao, nasimama, nachomoa mpira, naingia ikikohoa, naye anangoja na bisibisi yake. Miezi miwili tumefanya hivyo. Siku hizi mpini hauweki sikioni tena, anauuma kwa meno, anasema taya bado linasikia kidogo.

Jumamosi iliyopita aliuma mpini, akafumba macho, akaniashiria kwa mkono nizidishe. Mpira ulikuwa umetoka wote. Nikafungua mkono mpaka mwisho, moshi ukatujaza mlangoni, majirani wakafunga madirisha, na mkono wake ukaendelea kuniashiria, zidisha, zidisha.